Kupinga Matokeo ya Kigari cha Asali, na Kukalishwa Kwangu Jamvini

Sixbert Lugembe,
Nyumba yenye mlango wa bluu, nyuma ya mabanda ya tumbaku,
Ntalikwa, Tabora.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Sendofu ya Kabula (yaani wewe mwenyewe, Kabula),
Tabora Mjini.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUPINGA MATOKEO YA KIGARI CHA ASALI, NA KUKALISHWA MTU MZIMA KWENYE JAMVI LA WATOTO

Marahaba. Najua bado hujaniamkia, lakini nimeipokea shikamoo yako mapema ili tusipoteze muda, maana jambo lenyewe ni zito. Naandika kwa penseli. Usidhani ni dharau kwa ofisi yako. Kalamu zote za nyumba hii zimetolewa springi kwa ajili ya utafiti nitakaoueleza hapa chini, na kalamu isiyo na springi ukiikandamiza inarudi ndani kama kobe.

Kabla sijahesabu malalamiko, nakumbusha kisa, kwa sababu kamati zina tabia ya kusahau. Jumamosi hii tunakuaga, uende kwa Fikiri. Katika ukoo wetu, asali ya kumkabidhi mama mkwe hubebwa na mjomba, mkononi, kwa kikombe, na akishaikabidhi anasema maneno. Mjomba ni mimi. Hakuna mwingine, marehemu mama yako hakuwa na kaka wa akiba. Lakini wewe na mchumba wako, kwa kuwa mnawafundisha watoto kutengeneza vigari vya yale matofali ya plastiki ya rangi rangi, yanayochomekana, yaliyokuja kwenye marobota ya mitumba, mkaona asali ya safari hii isibebwe na mkono wa binadamu. Ipande kigari. Kivutwe kwa kamba toka meza yetu hadi meza ya wakwe, juu ya sakafu ya ukumbi ule ambao simenti yake imepasuka kama kisigino cha mlinzi. Mkatangaza: mwenye kigari chenye springi nzuri, kikombe kikafika kimejaa, huyo ndiye atakayepeleka asali, atakaa meza kuu na atasema maneno.

Nikaja. Nikapimwa. Kesho yake asubuhi nikasoma mpango wenu mlangoni pa ukumbi: “Asali na hotuba: Mustafa, fundi baiskeli. Mjomba Sixbert: jamvi la watoto.”

Mimi, Kabula. Mwenye mvi hizi. Jamvini, na watoto wanaokula ubwabwa kwa viganja viwili.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Kamati haikuzingatia uzoefu. Katika watu wote mliowapima, ni mimi peke yangu niliyewahi KUWA springi. Unajua nilikuwa utingo wa lori la pamba la Nzega. Tulipofika karibu na Ziba, springi ya nyuma kulia ikakatika, pamba imejaa hadi mbinguni, dereva amekaa chini analia kama mjane. Nikamwambia, bwana mkubwa, washa gari. Nikajilaza chini ya chesisi, mgongo ukatazama juu, magoti na mikono kwenye ekseli, nikawa napinda na kunyooka, napinda na kunyooka, hadi Igunga. Abiria aliyekuwa juu ya pamba aliposhuka alisema hajawahi kupanda lori laini namna ile. Hadi leo nikipita kwenye tuta mgongo wangu unalia kwii, na fundi mmoja wa Nzega aliwahi kutaka kuutia grisi. Sasa niambie: Mustafa amewahi kuwa springi ya kitu gani? Hata baiskeli zake zenyewe hazina springi, isipokuwa ile iliyo kwenye tandiko, na hiyo inachoma.

2. Kamati haikuzingatia damu. Babu yetu alikuwa mpagazi wa misafara. Aliwahi kupewa bakuli la mchuzi na Mwarabu mmoja kule Bagamoyo, alilete Tabora kichwani. Alilileta. Mito, milima, simba, tembo, nyika yote ya Ugogo, halikumwagika tone. Malalamiko pekee yaliyotolewa ni kwamba mchuzi ulifika umepoa. Ukoo wenye mtu wa namna hii unapimwaje kwa kikombe cha kahawa?

3. Kamati haikusoma hatua za utafiti wangu, ikaangalia mwisho tu. Utafiti ulikuwa hivi.

Kigari cha kwanza hakikuwa na springi yoyote. Ekseli niliichomeka moja kwa moja kwenye matofali ya tumbo la gari. Kila jiwe lililopitwa na gurudumu lilifika kwenye asali bila kupungua, kama barua ya rejista. Nikakitupa.

Kigari cha pili kilikuwa cha springi za kalamu, moja kila gurudumu. Nilizidisha. Nikaweka tatu kila gurudumu. Hiki ukikigusa kilikuwa kinaruka kama mbuzi aliyeona kisu. Kiliruka toka mezani kikaingia kwenye sufuria la maharage la Theodora, mke wangu, naye akaniambia, “Sixbert, hilo gari lako limefika, sasa shusha abiria.” Asali na maharage havipatani, nawahakikishia wanakamati.

Kigari cha tatu ndicho nilicholeta. Hapa niliacha elimu ya kalamu nikarudi kwenye elimu ya babu. Mzega, Ndugu Mwenyekiti. Ule mti mnyumbufu anaouweka mchukuzi begani, mzigo mmoja mbele na mwingine nyuma. Mchukuzi akikanyaga shimo, mti unapinda na kunyooka, mzigo hausikii kitu, na bega halisikii kitu. Nikasimamisha mhimili wa matofali mekundu katikati ya kigari, nikalaza juu yake ufito wa mkole, huku kikombe cha asali, kule jiwe la kusawazisha. Springi moja tu, gari zima. Theodora alipokiona alinyamaza, na wewe unajua Theodora hanyamazi kwa kitu kidogo.

4. Ukumbi haukuimba.

Hili ndilo lililoniangusha, na naliandika taratibu ili lieleweke. Ufa wa kwanza wa sakafu ulipita vizuri sana. Ufito ukapinda, ukanyooka, kikombe kikainama na kuinuka kwa adabu kama bwana harusi. Tatizo ni kwamba ufa wa pili ulikuja kabla ufito haujamaliza kuushughulikia ule wa kwanza. Ufito una kumbukumbu. Ukauchukua mtikisiko wa kwanza, ukaujumlisha na wa pili. Ulipofika ufa wa tatu ulikuwa umekusanya hasira zote, ukapiga teke kama punda, na kikombe kikaruka hadi kwenye kanzu ya jaji, mzee Majidi, kifuani, palepale penye tarizi.

Mustafa akadakia toka nyuma kwamba gari langu lina springi lakini halina shokapu, kitu cha kuutuliza mti usiendelee kucheza peke yake. Nani aliyemuuliza? Shokapu ya mzega inajulikana: ni wimbo. Wapagazi waliimba njia nzima, sio kwa sababu walikuwa na furaha, mtu amebeba pembe ya ndovu ana furaha gani. Waliimba ili hatua zao zipatane na mti, mti usijifanyie mambo yake. Nikaomba mbele ya watu wote kwamba ukumbi uimbe na mvuta kamba aende kwa mapigo. Ukumbi ukakaa kimya unatafuna karanga. Kwa hiyo kigari changu kilipimwa kikiwa kimeondolewa shokapu na hadhira. Hayo sio mashindano, hiyo ni hujuma.

5. Jaji ni mtani wangu. Hapa sasa ndipo penye kiini.

Majidi ni Mzaramo. Amestaafu reli, ameoa hapa, ameota mizizi hapa, lakini ni Mzaramo, na mimi ni Mnyamwezi, na utani wetu ni wa tangu babu zake walipowapokea babu zetu mwisho wa safari. Neno la mtani halikasirishi, na likishachekwa limekwisha, halibaki. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Sasa kumbuka yaliyotokea, maana ulikuwepo na daftari lako.

Majidi akasimama na asali yake kifuani, akasema, “Mnyamwezi we! Karne nzima mmebeba mizigo ya watu, leo kikombe kimoja kimewashinda?”

Nikamjibu, “Shukuru Mungu, Mzaramo, angalau leo umepakwa kitu kisafi.”

Akasema, “Hili sio gari, huu ni msafara uliokimbiwa na wapagazi. Sifuri! Tena sifuri kubwa, uilaze uani uitumie kama ungo.”

Akakikamata kigari changu, akakitia kwapani, akasema amekiteka na hakitoki kwake mpaka nikikomboe kwa jogoo. Ni haki yake. Mtani akiteka, ameteka. Nami, kwa adabu ya utani, kwa kuwa mtani haachiwi neno la mwisho hewani, nikamwambia: “Kiteke. Na asali mpe Mustafa, na hotuba mpe Mustafa, mimi nipelekeni kwenye jamvi la watoto nikafutwe kamasi!”

Ukumbi ukacheka hadi mama mmoja akavunja kiti. Mimi nikacheka. Majidi akacheka huku anaramba kidole. Ni wewe peke yako, Kabula, ambaye hukucheka. Wewe ULIANDIKA.

6. Nilipokuja kukuona siku iliyofuata ukaniambia, “Mjomba, si ulisema mwenyewe?” Nilisema, ndiyo. Lakini maneno ya kumwambia mtani hayaandikwi. Tangu lini? Yakianza kuandikwa, mji huu utakwisha. Naomba kamati ifuate mantiki yangu hatua kwa hatua.

Kama maneno yangu kwa Majidi ni ya kweli, basi na maneno yake kwangu ni ya kweli. Katika msiba wa baba, Majidi alilala kaburini kabla ya marehemu akasema hatoki mpaka apewe chai. Kwa hiyo, kwa mujibu wa daftari lako, aliyezikwa siku ile ni Majidi, na jaji wenu ni maiti. Maiti anaweza kutoa sifuri? Mwaka juzi Majidi alitangaza hapo sokoni kwamba nyumba yangu ni yake. Nikamwambia achukue na mke. Je, kamati imepanga lini kumhamisha Theodora? Nilimsomea Theodora aya hii ili anipe ushahidi, naye akauliza tu kama kwa Majidi kuna bomba la maji ndani. Unaona mnapotupeleka? Kitabu chako kimoja kimeua mstaafu, kimevunja ndoa, kimeniacha bila nyumba, na yote hayo kwa sababu ya ufa mmoja wa simenti.

Na hiyo sifuri yenyewe ni ipi? Ni sifuri ya utani au sifuri ya kazi? Nimemuuliza Majidi dirishani kwake. Akasema, “Leta jogoo nikuambie.” Jaji asiyeweza kutenganisha sifuri zake anapaswa kupumzishwa.

7. Kuhusu kigari cha Mustafa. Sina wivu, naomba hilo liandikwe, kwa kuwa mnapenda kuandika. Nimekitazama kwa haki, nilipiga magoti nikakitazama chini kwa chini. Kila gurudumu amelipatia mkono wake. Mkono umeshikwa na pini upande mmoja ili uweze kupanda na kushuka, na upande wa pili umevutwa na mpira, ile mipira myembamba ya kufungia mifuko ya karanga. Gurudumu likikutana na ufa, mkono ule mmoja unapanda peke yake, mpira unavutika, na tumbo la gari linabaki limelala kama mgonjwa aliyepewa sindano. Ufa ukiisha, mpira unaurudisha mkono. Na pini zenyewe amezikaza kidogo, kwa hiyo mkono hauchezi ovyo, unarudi polepole. Ndiyo hiyo anayoiita shokapu. Kikombe kilifika kimejaa.

Sasa, kitu gani hapo? Kitu kinachofanya kazi kila mtu anaweza kukitengeneza. Mimi nilitengeneza kitu chenye historia. Tena mwenzangu hana hata jambo la kusimulia kuhusu gari lake. Mlipomwambia aeleze, alisema, “Ni mkono, pini na mpira,” akaketi. Huyo ndiye atakayesema maneno mbele ya wakwe? Atasema nini? “Hii ni asali, mtungi na nyuki”? Watu watafika nyumbani wakiwa bado wana njaa ya maneno. Mimi hotuba yangu ina lori, ina babu, ina simba wawili, ina ule mwaka nilioshindana mbio na treni ya Kigoma nikiwa nimebeba kabati, na mwishoni ina wewe, nilivyokuvusha mto ukiwa mdogo, maji yamenifika puani, na uji wako mkononi haukumwagika. Hilo la mwisho ni la kweli na wewe unalijua.

8. Nimesikia, sio rasmi, kwamba mwanakamati fulani amesema, “Tukimpa Mjomba hotuba, keki itakatwa Jumapili.” Simtaji. Nasema tu kwamba anayeniogopa kwa urefu wa hotuba asijifiche nyuma ya springi.

Kwa sababu hizo zote, naiomba kamati yako tukufu ifanye yafuatayo:

(a) Ifute maneno yote niliyomwambia Majidi, na kama rabari haipo, nitaleta ya kwangu, ni nusu lakini inafuta.

(b) Imwondoe Majidi kwenye ujaji, na nafasi yake apewe mtu wa kabila lisilo na utani na Wanyamwezi. Nimetafuta kabila hilo, bado sijalipata, lakini nchi ni kubwa.

(c) Kigari changu kipimwe upya, ukumbi ukiimba. Wimbo nitaufundisha mwenyewe, ni mwepesi, una beti nyingi lakini zinafanana.

(d) Ikishindikana, basi nyufa za sakafu zisogezwe ziachane zaidi, ili ufito upate muda wa kusahau.

(e) Ikishindikana hiyo nayo, meza ya wakwe isogezwe karibu na yetu hadi zigusane, mimi nisukume kikombe kwa kidole, tuseme kimesafiri.

(f) Na lolote litakaloamuliwa, jina langu liondolewe jamvini. Mjomba akionekana jamvini siku ya kumuaga mpwa wake, wakwe watasema upande wa mama huyu binti hana watu. Hilo, Kabula, sio suala la springi.

Nategemea busara ya kamati, na kama busara imekwisha nategemea huruma yako. Nisalimie Fikiri, mwambie sina kinyongo naye ingawa wazo la kigari najua lilikuwa lake. Wasalimie wanakamati wote, hata yule wa keki. Msalimie Mustafa, mwambie baiskeli yangu bado inatoa upepo nyuma. Majidi usimsalimie, nitamtukana mwenyewe nikimwona. Theodora anakusalimu na anauliza ukumbi unahitaji masufuria mangapi.

Wako katika kudai haki, aliye mjomba wako kwa damu na springi kwa uzoefu,

Sixbert Lugembe

N.B. Barua hii naiongezea hapahapa ukumbini. Nimeileta mwenyewe nikakuta umetoka, jamvi la watoto limetandikwa lipate hewa, na watoto wa shule yenu wamekaa juu yake wanasubiri kufundishwa nyimbo za Jumamosi. Nikaona bora nilijaribu jamvi, ili malalamiko yangu yawe na ushahidi. Kabula, nimekaa pale tangu jua likiwa usawa wa dirisha. Nimewaeleza habari ya lori la Ziba, hakuna aliyesema “acha uongo.” Mmoja ameomba kuona mgongo, nimemwonyesha, nikapita juu ya kizingiti, akasema ameusikia unalia kwii. Bakuli la babu limerudiwa mara nyingi kwa maombi yao, na safari ya mwisho mchuzi umefika wa moto. Nimewaeleza pia jinsi nilivyobuni ule mkono wa pini na mpira, nao wameelewa vizuri kabisa, kumbe ni kitu rahisi. Kwa hiyo naomba barua yote ya hapo juu uihesabu kama maneno ya mtani. Asali apeleke Mustafa, aseme neno lake moja akae. Majidi abaki na sifuri zake. Mimi niachie nafasi yangu ya katikati ya jamvi, asikae mtu mzima mwingine. Na mama mkwe akiuliza ni nani aliyebuni springi za kile kigari, mwonyeshe jamvi kwa kidole tu. Sisi tutakuwa tunamtazama.